Maoni: Kopi ya mkono si wizi, ni masomo

Katika miji yetu ya Mashariki ya Kongo, neno "kopi" limekuwa tusi. Simu ya kopi, dawa ya kopi, kiatu cha kopi: kila moja imekwisha kula feza ya mtu. Anayegundua kwamba ameuziwa kopi kwa bei ya orizinale anarudi kwa muuzaji na hasira, na haki iko upande wake.

Lakini kuna kopi nyingine, ile ambayo mtu anaifanya kwa mikono yake mwenyewe. Anakaa na shema ya mashini ya zamani mbele yake, chuma cha kulehemu mkononi, anaijenga upya kipande kwa kipande mpaka aelewe namna walioitengeneza kwanza walivyofikiri. Kisha anabadilisha kitu kimoja, kingine, na kingine. Hiyo si udanganyifu, hiyo ni shule. Tena ni shule ambayo tunaikataza watoto wetu tunapowaambia "usifungue radio ya watu, utaiharibu", na tunapocheka fundi wa kartiye kwamba yeye anajua kuiga tu.

Mfano ninaotaka kuwaletea, ndugu wasomaji, unatoka mbali, Marekani na Ujerumani, na unahusu chombo cha muziki ambacho wengi wetu hatujakiona kwa macho. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, historia yake iko wazi: tunajua nani alijifunza kwa nani. Pili, ndani ya mashini hiyo kuna madini ya aina ile inayotoka katika milima yetu.

Milango minane na taa moja

Mwisho wa miaka ya 1960, kiwanda kidogo cha Robert Moog, kule Trumansburg katika jimbo la New York, kilikuwa kinauza mashini inayoitwa 960 Sequential Controller. Ilikuwa kipande kimoja cha sentetizeri kubwa, ile mashini ya kutoa sauti kwa umeme ambayo wakati huo ilijaza kabati nzima. Kazi ya 960 haikuwa kuimba. Kazi yake ilikuwa kuamuru: sauti ipande, ishuke, irudilie. Mashini ya namna hiyo inaitwa sekwensa.

Ifikirie kama barabara yenye milango minane. Kila mlango uko na butoni tatu za kuzungusha, kwa hiyo zote pamoja ni 24, zimepangwa kwa mistari mitatu. Ndani kuna osilateri inayopiga kama moyo, polepole ao mbio, kadiri unavyotaka. Kila pigo linahamisha taa kutoka mlango mmoja kwenda mlango unaofuata. Mlango wenye taa unatoa volti ulizoziweka kwa butoni zake, na volti hizo zinaiambia sentetizeri iimbe sauti gani. Ikifika mlango wa nane, taa inarudi kwa mlango wa kwanza. Kila mlango uko pia na swichi yenye nafasi tatu: endelea kama kawaida, ruka, ao simama hapa.

Hakuna kompyuta ndani, hakuna memori. Ukizima umeme, wimbo unabaki pale vidole vyako vilipouacha, kwenye butoni. Mtu anaweza kuusoma kwa macho.

Hesabu yake ni rahisi, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata. Moog alishika kanuni moja: volti moja ikiongezeka, sauti inapanda oktavi moja. Oktavi iko na nusu-toni 12, kwa hiyo nusu-toni moja ni kama volti 0,083. Tuseme butoni inazunguka digrii 300 na inafika volti 2. Nusu-toni moja itachukua digrii 12,5 za mzunguko. Ukiongeza nguvu mara nne, mpaka volti 8, nusu-toni ile ile inabaki na nafasi ya digrii 3 hivi. Hapo kidole kikitetemeka kidogo tu, wimbo umepotea. Ndiyo maana wanamuziki wa wakati ule walikuwa wanakaa muda mrefu wakisikiliza na kurekebisha butoni moja moja, kwa sikio.

Pamoja na taabu hiyo, sekwensa za namna hiyo zilibadilisha muziki wa dunia. Mwaka 1974 kundi la Ujerumani, Tangerine Dream, lilitoa albamu Phaedra, ambayo inasimama juu ya sauti za sekwensa ya Moog. Mwaka 1977, katika studio moja ya mji wa Munich, Giorgio Moroder na Pete Bellotte walimrekodia mwimbaji Mmarekani Donna Summer wimbo I Feel Love. Bezi yake inayorudilia bila kuchoka ilitoka katika Moog kubwa ya kuazima. Mashini ilikuwa inapoteza sauti kila mara, kwa hiyo walilazimika kurekodi kwa vipande vifupi na kuvifuatanisha. Muziki wa dansi wa mashini unaosikika leo katika miji mingi ya dunia unadai mengi kwa wimbo ule.

Mtu aliyekua na sebene masikioni hawezi kushangaa. Tunajua nguvu ya kitu kinachorudilia, huku mpiga gitaa akibadilisha sauti moja tu kila baada ya muda.

Nani alimwiga nani

Sasa tufike kwa jambo lenyewe. Huyu Robert Moog, ambaye leo watu wanaiga mashini zake, yeye alianza wapi?

Alianza kwa kuiga. Karibu na mwaka 1920, Mrusi mmoja, Lev Termen, alibuni chombo kinacholia bila kuguswa: unasogeza mikono hewani karibu na antena, nacho kinaimba. Wazungu walikiita theremini. Moog, aliyezaliwa mwaka 1934, alikuwa bado kijana wa shule alipoanza kujenga theremini zake nyumbani, akifuata maelezo yaliyochapwa katika magazeti ya wapenda radio. Mwaka 1954 akaandika makala yake mwenyewe ya kuwafundisha wengine namna ya kuijenga. Mwezi wa Januari 1961 akachapisha makala nyingine, safari hii theremini ya tranzistori, na akauza vifurushi vya vipande kwa watu waliotaka kujijengea: kama 1.000 hivi. Miaka michache kisha, katika 1964, pamoja na mwanamuziki Herbert Deutsch, akatengeneza vipande vya kwanza vya sentetizeri yake.

Tuangalie vizuri ule mstari. Kijana anaiga chombo cha mtu mwingine. Anakielewa. Anakibadilisha, anaondoa lampu za kioo na kuweka tranzistori. Anawafundisha wengine. Mwishoni anatoa kitu ambacho hakikuwako duniani. Kama mtu angelimwambia, alipokuwa na miaka 15, "wewe ni mwigaji tu, acha", tusingelisikia jina lake leo.

Na zamu ikageuka: sasa ni yeye anayeigwa. Sentetizeri zake za zamani zimekuwa chache na bei yake imepanda mno. Mwaka 2015 kampuni Moog Music yenyewe ilijenga upya mifumo yake mikubwa ya zamani. Ule unaoitwa System 55 ulitolewa 55 tu, kila mmoja kwa dolari 35.000. Mwaka 2020 kampuni Behringer ikaleta sokoni 960 yake, ndogo, kwa bei iliyo chini ya dolari 200. Katikati ya hao wawili, kuna watu wa kawaida, Marekani na Ulaya: walimu, mafundi, wafanyakazi waliostaafu, wanafunzi. Wanachukua shema za zamani, wanatengeneza plaki za sirkwi, wanaagiza vipande kwa posta, wanatoboa matundu 24 ya butoni kwenye bamba la alumini, na usiku wanakaa wakilehemu, ile kazi ambayo mafundi wetu wanaiita kusudea. Hao ndio ninaowasema. Hawauzi. Wanajifunza.

Kubadilisha ndiko kuelewa

Mtu anaweza kudhani kwamba kujenga kopi ni kufuata maagizo tu, kama kupika kwa kusoma karatasi. Haiko vile, kwa sababu mashini ya zaidi ya miaka 50 haiingii katika dunia ya leo bila kubadilishwa, na kila badiliko linakulazimisha kuelewa.

Tuanze na umeme wenyewe. Sentetizeri za kwanza za Moog zilitumia volti 12 za upande wa kujumlisha na volti 6 za upande wa kutoa. Makabati madogo ya leo yanatoa 12 na 12. Mwenye kuiga bila kufikiri ataunganisha, na atasikia harufu ya kuungua. Rezistansi iliyokuwa kati ya volti 6 na masi, ukiipa volti 12, joto lake linapanda mara nne, si mara mbili. Lazima arudi kwa shema, apige hesabu, achague rezistansi nyingine. Kanuni ya Ohm, ambayo shuleni ilikuwa maneno ya ubaoni, hapo inakuwa kitu kinachochoma kidole.

Kisha kuna lugha ya mashini. Moog alichagua kwamba ishara ya "anza" inatolewa kwa kuunganisha waya na masi, yaani volti zinashuka mpaka sifuri. Watengenezaji wengine walichagua kinyume: volti zinapanda. Mashini hizo mbili ukiziunganisha moja kwa moja, ni kama Mushi na Mnande wakizungumza bila Kiswahili katikati. Dawa yake ni ndogo sana, tranzistori moja na rezistansi moja au mbili, lakini hauwezi kuiweka mahali pake kama hujaelewa upande gani unazungumza namna gani.

Kuna na taa. Zile za kwanza zilikuwa balbu ndogo za waya ndani, zinazokula umeme na kufa. Leo wanaweka LED. Lakini LED haiwezi kuingia mahali pa balbu bila rezistansi ya kuilinda, tena iko na upande wa kuingilia na upande wa kutokea. Kitu kidogo, ndiyo. Fundi anajengwa kwa vitu vidogo vya namna hiyo.

Badiliko ninalolipenda zaidi ni lile la sauti zenyewe. Wengi wanaojenga sekwensa leo wanaongezea kifaa kinacholazimisha volti kusimama kwenye nusu-toni kamili, kama ngazi badala ya mteremko. Ni msaada mkubwa: hakuna tena kuhangaika na digrii 3 za kidole. Lakini ngazi hiyo ni ya nani? Ni nusu-toni 12 za piano. Likembe zetu hazikupangwa zote kwa ngazi hiyo. Kila sehemu, wakati mwingine kila mchongaji, iko na sauti zake. Mashini ya zamani, bila ule msaada, inakuachia uhuru wa kuweka sauti pale sikio la mama yako lilipozizoea. Aliyenunua mashini tayari anapokea ngazi iliyoamuliwa na mtu mwingine, wala hajui kwamba kulikuwa na la kuchagua. Aliyeijenga anajua ni kipande gani kinachoamua, na anaweza kukiacha nje.

Hapo ndipo ninaposimama katika maoni haya. Kuiga bila kubadilisha ni kujifunza kusoma. Kubadilisha ni kujifunza kuandika. Inchi ambayo watu wake wanajua kusoma tu mashini za wengine itabaki kununua maamuzi ya wengine.

"Ni wizi", "ni anasa", "simu inafanya vile"

Ninajua majibu yatakayokuja, na yanastahili kujibiwa moja moja.

La kwanza: kuiga ni wizi. Hapa inafaa kutenganisha vitu ambavyo tunavichanganya. Uvumbuzi unalindwa na sheria kwa muda, si kwa milele. Moog alipewa hati ya ulinzi ya Marekani mwaka 1969 kwa kichujio chake cha sauti, sehemu iliyomletea sifa kuliko zote. Wakati huo hati kama hiyo ilidumu miaka 17. Ulinzi ule uliisha katika miaka ya 1980, na tangu hapo kila mtu ana haki ya kujenga kichujio kile. Hati hizo ziliwekwa hivyo kwa makusudi: serikali inamlinda mvumbuzi kwa muda, naye kwa malipo anaandika wazi namna kitu chake kinavyofanya kazi, kusudi wengine wajifunze. Kongo nayo iko na sheria yake ya mali ya viwanda, namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, inayofuata wazo lile lile. Jina la kampuni ni jambo tofauti. Ukijenga kopi na kuandika juu yake jina la Moog kusudi uiuze kama yake, huo ni udanganyifu, na hakuna fundi mwaminifu anayeutetea.

Kuna pia swali la kopi za kiwanda. Behringer analaumiwa na wengi kwamba anauza kwa bei ndogo mawazo ya wengine. Wengine wanamshukuru kwa sababu amewafungulia maskini mlango. Mimi ninaona mpaka uko hapa: mashini ambayo hati yake imekwisha ni ya wote. Lakini kuchukua kazi ya fundi mdogo aliye hai, anayeishi kwa kitu alichokibuni juzi, na kuiuza mlango unaofuata kwa nusu bei, huko ni kumnyang'anya chakula, hata kama sheria haikukamata. Kuiga kwa kujifunza hakumnyimi mtu chakula.

La pili: hii ni anasa. Watu wamekimbia vita, njia zimefungwa, kuna watoto hawajala, na wewe unatuletea mashini za muziki? Swali ni la haki, na mwenye kuandika kutoka upande huu wa inchi hawezi kulikwepa. Lakini tuangalie maisha yetu yalivyo. Ni nani anayetusaidia wakati umeme unapoharibu vyombo, wakati redio ya mzee inapokaa kimya, wakati chaja ya paneli ya jua inapokufa? Ni yule fundi mwenye meza ya mbao pembeni ya barabara. Kipande kinachohesabu mapigo katika sekwensa, kinachogeuza ishara, kinacholinda LED, ni ndugu wa kipande kinacholinda betri ya paneli yako na kinachoendesha pampu. Mwenye kuelewa kimoja ameanza kuelewa kingine. Na muziki uko na faida moja kama somo: ukikosea, unasikia kosa papo hapo, na hakuna mtu aliyekufa.

Tena, Kongo tayari iko na mwalimu katika jambo hili. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa kundi Konono N°1 la Kinshasa, hakungoja duka la vipande. Alitaka likembe isikike katika kelele za mji mkubwa. Akachukua sumaku za vipande vya magari ya zamani, akajitengenezea mikro zake, akaziunganisha na vikuza sauti. Ile sauti ya kukwaruza iliyotokea, ambayo mwingine angeliiita kasoro, miaka ya 2000 ilizunguka dunia, na wapenzi wa muziki wa umeme wa Ulaya waliisikiliza kwa mshangao. Anasa iko wapi hapo? Ilikuwa ni haja, na akili ya kuitimiza.

La tatu: programu ya bure katika simu inafanya kazi hiyo yote, na zaidi. Ni kweli. Kama unataka wimbo tu, chukua programu. Lakini programu haifunguki. Inakufanya mtumiaji mzuri, na kesho, kampuni ikiiondoa ao ikiiwekea bei, unabaki mikono mitupu. Sekwensa uliyoijenga, siku ikikataa, unajua pa kuanza kutafuta.

Milima yetu iko ndani yake

Nilisema mwanzoni kwamba ndani ya mashini hizi kuna madini ya aina tunayoyajua. Si maneno ya kupamba. Ile nyuzi ya fedha-fedha inayoyeyushwa ili kushikamanisha vipande, kwa muda mrefu imekuwa asilimia 60 hivi ya bati na asilimia 40 ya risasi. Siku hizi, katika zile zisizokuwa na risasi, bati inapita asilimia 95. Karibu nusu ya bati yote ya dunia inakwenda katika kazi hiyo ya kulehemu. Na bati inatoka wapi? Katika kasiterite, ile inayochimbwa Bisie katika Walikale, na pengine katika majimbo yetu. Katika mashini nyingi za umeme kuna pia kondansateri ndogo za tantali, na tantali inatoka katika koltani, ile ya Rubaya kule Masisi.

Kwa hiyo kijana wa Chicago ao wa Berlin anayejenga kopi ya 960 mezani kwake usiku, pengine anayeyusha bati iliyobebwa kwa mgongo katika matope yetu. Yeye anaipata imefanywa nyuzi safi, na maarifa ya kuitumia. Sisi tunabaki na shimo, vumbi, na vita inayozunguka shimo hilo. Tunalalamika kila siku, na ni haki, kwamba madini yanatoka ghafi bila kufanyiwa kazi hapa. Lakini kiwanda hakianzi na jengo. Kinaanza na watu elfu moja wanaojua kipande kile kinafanya nini, kwa sababu walikishika, wakakiunganisha vibaya, wakakiunganisha tena.

Inafaa tufanye nini

Ninapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalongoja mfadhili.

Kwa shule za ufundi na vyuo vikuu vyetu: badala ya TFC nyingine inayoishia katika karatasi na kulala kabatini, mwanafunzi wa elektroniki apewe shema ya mashini moja ya zamani ambayo ulinzi wake umekwisha. Aijenge ifanye kazi. Kisha abadilishe kitu kimoja, na mbele ya jury aeleze kwa nini alikibadilisha na nini kilitokea. Pointi nyingi ziende kwa badiliko, si kwa jalada.

Sekwensa inafaa sana kwa kuanza. Hauhitaji 960 nzima. Sirkwi moja inayoitwa 4017, ile ile inayotumiwa katika taa za kukimbia za sikukuu, inahesabu mpaka 10. Sirkwi nyingine, 555, inatoa mapigo. Unachukua mguu wa tokeo la tisa, unaurudisha kwenye mguu wa kuanza upya, namba 15, na mashini inahesabu minane tu, kama milango ya Moog. Potansiometri nane, diodi nane, LED nane, pili ya volti 9. Vipande vingi vinapatikana ndani ya radio zilizokufa. Na hata hapo kuna somo: kila diodi inakula kama volti 0,6, ambayo kwa kanuni ya volti moja kwa oktavi ni nusu-toni 7 hivi, tena kiasi hicho kinasogea kadiri joto la chumba linavyobadilika. Mwanafunzi atajiuliza kwa nini wimbo wa asubuhi si wa mchana. Swali hilo likimwingia, mwalimu anaweza kukaa chini.

Kwa mafundi wa kartiye: chora unachokigundua. Shema nyingi za Kongo ziko katika vichwa vya wazee, na mzee akienda, zinaenda naye. Daftari la franga chache linaweza kuziokoa. Moog alipata theremini kwa sababu mtu alikuwa ameichora na gazeti likaichapa.

Kwa wazazi: mtoto anayefungua radio iliyoharibika haharibu kitu, ilikuwa imekwisha kuharibika. Mkataze umeme wa ukuta mpaka afundishwe hatari yake, mpe pili, na umwachie bisibisi.

Kwa wakubwa wa serikali na wa forodha: vipande vidogo vya elektroniki vinavyoingia kwa ajili ya shule visihesabiwe kama bidhaa ya anasa. Kijana anayeagiza sirkwi kumi za kujifunzia asilazimishwe kulipa njiani zaidi ya bei yake.

Tumezoea kupima maendeleo kwa vitu vipya vinavyoingia mpakani. Mimi ninapendekeza tupime pia kwa vitu vya zamani ambavyo watoto wetu wameweza kuvijenga upya na kuvigeuza vifuate sikio letu. Siku mwanafunzi wa Bukavu, wa Goma, wa Bunia ao wa Uvira atakapoweka mezani mashini ya milango minane, yenye kasoro zake, inayorudilia sauti za likembe ya kijiji cha babu yake, nani atathubutu kumwambia kwamba ni kopi?